Khanga ya Namba Saba

Ijumaa ile usiku sikula. Binti yangu Generosa, mwenye miaka kumi na saba, alikaa kwenye ngazi na simu mapajani, nami nikapiga pasi nguo zilezile mara mbili. Kocha wa timu ya mpira ya wasichana ya chuo chao alikuwa bado hajatuma majina. Tangu Septemba mtoto alikuwa akienda mechi na kurudi na jezi safi, maana benchi halichafui mtu.

Saa tatu na nusu simu ikalia.

"Mama, naanza."

Generosa anasikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, nikajua jambo ni kubwa.

"Nikicheza vizuri kesho, nacheza nusu fainali Jumatano. Nikiharibu, narudi benchi."

Mimi nafanya usafi hospitalini hapa London, na Jumamosi ndiyo zamu yangu miaka yote. Sikuwahi kuona mechi ya mtoto hata moja. Nikabadilishana zamu na mwenzangu Peris, nikamwachia Jumapili zangu mbili za mapumziko. Asubuhi nikapanda basi kutoka Tottenham hadi Walthamstow, na chupa ya chai na khanga mpya mkobani.

Nilidhani nitakuta viti. Kulikuwa na kamba tu kuzunguka uwanja, wazazi wamesimama kwenye matope. Karibu yangu baba mmoja wa upande wetu, mwenye koti la bluu, alipayuka tangu mwanzo. "Kipa, umelala? Namba saba, mzigo wewe!" Namba saba ni Generosa. Mengine aliyosema siyaandiki. Nilimgeukia, nikamtazama kuanzia viatu mpaka usoni. Hakuna mzazi aliyemkanya. Refa alimsikia, akapita.

Kipindi cha pili ikapigwa kona, wasichana wakarundikana golini, Generosa akaruka akaupiga mpira kwa kichwa. Goli!

Sasa niambieni, mama afanye nini? Kwetu Muleba mtoto akimaliza shule, akiolewa, akiimba vizuri kanisani, unainuka unakwenda kumtuza. Unamvisha khanga mbele ya watu, wajue ana kwao. Huombi ruhusa. Nikapiga vigelegele, nikainama chini ya kamba, nikaenda. Wenzake walikuwa bado wamemkumbatia. Nikamfunga khanga mabegani, juu ya jezi.

Filimbi ikalia. Nikadhani ni ya goli, kumbe ni yangu.

Refa alikuja mbio, ananinyooshea kidole nirudi kwenye kamba kama anafukuza mbuzi shambani. Nyuma yake akaja kocha, mzee Surjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu. Kiswahili anakijua.

"Mama, hapa si harusini!"

"Najua. Harusini watu wana adabu."

"Toka, mama, mchezo umesimama."

"Wewe umekulia Kisumu, Surjit. Hujaona mtu akituzwa?"

"Nimeona. Lakini si katikati ya mechi!"

Refa akampa Surjit kadi ya njano kwa ajili yangu. Surjit akamwita msichana mwingine avue koti, akamtoa Generosa. "Apoe kidogo," akasema. Apoe nini? Aliyevuka kamba ni mimi! Mtoto akapita mbele yangu, khanga mkononi, asinitazame. Koti la bluu akacheka: "Mama yake mwenyewe amemrudisha benchi." Kisha mimi nikaambiwa nikasimame nje ya geti, na yeye akabaki ndani na mdomo wake.

Nilisimama nje na hasira yangu mpaka filimbi ya mwisho. Walishinda moja kwa bila, na lile moja ni la mwanangu. Nikaenda kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo. Wasichana wakatoka mmoja mmoja. Mmoja akajaribu kupiga vigelegele, akapaliwa. Generosa hakutoka. Chumba kina mlango mwingine upande wa maegesho, na nikaanza kuamini kwamba ameupita huo ili asiongozane nami.

Akatoka Surjit. Nikasimama mbele yake.

"Jumatano anacheza au hachezi?"

"Mama, nenda nyumbani kwanza."

"Siendi. Kosa langu, adhabu yangu. Nizuie mimi nisije. Yeye amekufungia goli."

Akakuna ndevu. "Kadi nimepewa mimi, mama, si wewe."

"Na yule anayewatukana watoto wako tangu asubuhi, kadi yake iko wapi? Au matusi yanaruhusiwa, khanga ndiyo imekatazwa?"

Surjit akatazama matope. Halafu akarudi ndani, akaufunga mlango.

Nilisikia sauti yake, nikasikia na ya Generosa, ila maneno sikuyapata. Chai ilikuwa imepoa kwenye chupa. Sikuondoka.

Mlango ukafunguka. Generosa alikuwa amejifunga khanga kiunoni, vibaya, upande mmoja unaburuta.

"Jumatano naanza," akasema. "Lakini wewe unakaa nyuma ya kamba. Mama, nasema kweli."

"Nitakaa. Na koti la bluu atakaa wapi?"

Nilidhani atanikemea. Aliuzuia mlango kwa mguu usijifunge, akageukia ndani, akapaza sauti kwa Kiingereza, waliobaki wote wasikie:

"Kocha! Mama yangu bado anasubiri jibu."