Kesi ya Mdogo Wangu Deo

Betri zilizochoka zikianikwa juani hutoa harufu yake. Si kali. Inafanana na harufu ya ufunguo ulioshikwa muda mrefu katika kiganja chenye jasho. Juma lililopita nilipita nyuma ya nyumba ya jirani nikaziona nne zimepangwa juu ya ukuta, zinaota jua ili zipate nguvu ya siku moja zaidi, na harufu ile ikanisimamisha hapo na ndoo ya maji kichwani. Nilijiona tena nina miaka tisa, nimekaa chini ya dirisha letu, nangoja saa nane.

Saa nane mchana redio moja ya mjini kwetu Likasi ilikuwa ikitoa kipindi cha kesi. Mtangazaji alikuwa na sauti nzito ya upole, kama mtu anayekuambia siri ya ukoo wako. Alisimulia mambo yaliyotokea kweli: mtu aliyekutwa kisimani, mume aliyetiliwa sumu ndani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, walinzi wawili waliogombana mpaka mmoja hakuamka tena. Hakuwa na haraka. Kabla ya kutaja aliyefanya, aliuliza maswali yake, kila siku yale yale. Nani alimwona wa mwisho? Alikula nini? Nani alikuwa anajua, akanyamaza? Mimi niliyapenda maswali kuliko majibu.

Nilikuwa mtoto wa aibu. Mwalimu akiniita, sauti iliishia kooni. Lakini nilikuwa na kaye, daftari lililobaki na kurasa nyingi tupu, na ndani yake nilikuwa mtu mwingine. Nilifungua humo kesi zangu mwenyewe. Kulikuwa na kesi ya sabuni iliyopotea bombani, na kesi ya mwiko wa mama, ambayo ilinichukua siku tatu. Niliandika mahali kila mtoto wa avenyu yetu alipokuwa siku ile, na mwishowe mwiko ukaonekana juu ya paa. Baba mwenyewe alikuwa ameutumia kusukuma bati wakati wa mvua, akausahau. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama Mado, angalia," alimwambia mama, akinifanya hakimu. "Tulizaa juge. Kesho atatufunga siye bote."

Mama hakucheka.

Baba alifanya kazi kwa zamu katika kiwanda cha shaba, kwa hiyo mchana mwingi alikuwa amelala au hayupo. Mama ndiye aliyeniona nikiosha sahani huku midomo yangu ikirudia maneno ya mtangazaji. Ndiye aliyenisikia nikimweleza mwanasesere wangu wa kitambaa kwamba amekutwa nyuma ya soko, bila kiatu kimoja. Siku moja aliizima redio katikati ya kesi, akasimama mbele yangu, mikono imejaa unga wa mikate ya mafuta aliyokuwa akiuza.

"Mado, benzako banacheza kamba. Weye, paka bafu. Kila siku bafu. Juu ya nini?"

Wafu tu, alimaanisha. Niliangalia miguu yangu.

"Minye njo nakuuliza. Juu ya nini?"

"Sijui, mama."

Alizitoa betri akaenda kuzificha. Nilizipata siku hiyo hiyo ndani ya mfuko wa chumvi. Mama hakuwa hodari wa kuficha kitu mbele ya mtu aliyefundishwa na redio. Lakini nilipozirudisha nilimwona mlangoni, ananitazama, wala hakunikemea. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia hodi na hataki kufungua.

Sasa niwaambie jambo ambalo nyumbani kwetu halikusemwa. Katika mvua zilizotangulia, mdogo wangu Deo alikufa. Alikuwa na miezi minne. Homa ilimshika Alhamisi, kwetu siku ya ine; akafa Jumamosi, kwetu siku ya posho; Jumapili tukamzika. Baada ya kilio jina lake liliondoka nyumbani pamoja na viti vya kuazima. Beseni lake la kuogea mama alianza kulitumia kulowekea mihogo. Hakuna aliyenieleza chochote, na mimi sikuwa mtoto wa kuuliza kwa mdomo.

Wakati wa baridi akafa mzee Odilon, mchimbaji wa avenyu yetu aliyekuwa akienda kwenye mashimo ya Kambove. Mama alinipeleka kilioni mchana. Wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, vyombo vyote vimetolewa nje, na mjane katikati yao ameegemea ukuta. Nafasi iliyobaki ilikuwa karibu naye. Aliweka mkono juu ya goti langu kama mtu anayetafuta mahali pa kuuweka, akasema bila kumwambia mtu yeyote, "Alienda muzima. Alienda muzima kabisa."

Sijui sauti yangu ilitoka wapi siku ile.

"Mama, nani alimuona wa mwisho?"

Mjane alinigeukia. Alijibu upesi, kama aliyekuwa akingoja kuulizwa. "Ni mie, mwana yangu. Asubui. Alikula kiazi yake ya jana, akasema chumvi haiko. Muntu anaenda kufa, analia chumvi."

Wanawake wengine walicheka katikati ya machozi, na yeye pia akatabasamu kidogo. Kama ningenyamaza hapo, nisingekuwa na la kuwasimulia leo. Lakini lilibaki swali moja.

"Na nani alikuwa anajua, akanyamaza?"

Mjane aliondoa mkono juu ya goti langu. Mimi nilikuwa sijui wakubwa wanawaza nini. Kwa wengi wa kwetu mtu hafi bure, kuna aliyemla kwa uchawi. Na miaka ile kidole kilielekezwa mara nyingi kwa watoto, hasa walio kimya, wanaotazama sana. Mtoto anayeuliza habari za kifo bila kuogopa, walisema, anakijua kutoka ndani.

Mama Rejine aliweka kikombe chake chini. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ndiye aliyeongoza chumba cha maombi ambacho mama alikuwa akienda.

"Huyu mutoto haongeaka," alisema. "Leo ameongea, na ameongea paka juu ya mufu." Kisha akamgeukia mama, sauti chini. "Mama Mado, na kwako kulikufa nani?"

Mama alininyanyua. Tulitoka bila kuaga, jambo ambalo kwenye kilio halifanywi.

Siku ya tatu Mama Rejine alikuja kwetu na wanawake wawili. Walikaa kwenye benchi na wakakataa maji. Baba alikuwa kazini. Mimi nilikuwa mahali pangu chini ya dirisha.

"Lete mutoto ku maombi," alisema Mama Rejine. "Siku tatu, bila kula. Atasema yeye mwenyewe."

"Atasema nini?"

"Mwenye alimukula Deo."

"Ni mutoto, Mama Rejine."

"Ni batoto njo banatumiwa. Weye mwenyewe unamuogopa. Tunakuona."

Nikamsikia mama akisema, "Kesho. Nitamuleta kesho."

Niliogopa, lakini niliogopa kitoto. Nilifikiria siku tatu bila bukari, ugali wetu. Na kupita hofu ile, nawaambia ukweli, nilikuwa na hamu. Walisema watajua kilichomuua Deo. Mimi pia nilikuwa natafuta.

Asubuhi yake nilikuwa uani natwanga sombe. Mama alikuwa ndani, ananifungia nguo katika kitambaa. Aliinua mkeka wangu na chini yake akakuta kaye. Mama aliacha shule mwaka wa tano. Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni, kaye wazi mikononi, na kutokana na jinsi alivyosimama nilijua amefika ukurasa gani. Ulisema hivi:

KESI YA DEO. Nani alimwona wa mwisho? Mama. Alikula nini? Ziwa la mama. Nani alikuwa anajua, akanyamaza?

Hapo nilikuwa nimechora mstari, sikuandika kitu, kwa sababu sikujua cha kuandika.

Mama alikuja akaketi chini kando ya kinu, kwenye vumbi. Nilingoja kofi.

"Hii uliandika lini?"

"Kisha kilio ya Deo."

"Mbele ya zile zingine? Ya mwiko, ya sabuni?"

"Hii njo ya kwanza."

Alifunua nyuma na mbele, akaona ni kweli. Aliufuta ukurasa kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi.

"Alianza moto siku ya ine," alisema. Alikiambia kinu, hakunitazama. "Minye nilitaka lopitali. Mama Rejine akasema, mutoto kadogo hivi, lopitali itamumaliza, leta ku maombi. Nikamupeleka. Siku mbili, Mado. Niko napiga magoti, na yeye iko nawaka mu mikono yangu. Siku ya posho tukafika lopitali. Dokta akaniuliza, mulikuwa wapi siku zote hizi? Sikumujibu. Hata baba yako sikumuambia."

Sombe lilikuwa linakauka ndani ya kinu. Nilitaka kuendelea kutwanga lakini niliona si vizuri.

"Biki yako iko wapi?" aliuliza.

Nilimpa. Aliweka kaye juu ya goti na kwenye mstari ule mtupu akaandika, polepole, kwa herufi zilizotengana: Mama.

Saa tisa aliniosha, akanivalisha gauni la misa, akashika kaye kwapani. Furushi la nguo zangu tuliliacha juu ya kitanda, nilidhani amelisahau. Chumba cha maombi kilikuwa nyumba ndefu ya matofali yasiyopigwa lipu. Wanawake kama ishirini walikuwa ndani, na katikati walikuwa wametandika mkeka mmoja mdogo. Wawili waliinuka kunipokea. Mama hakuniachilia. Alinirudisha nyuma ya mgongo wake, akapanda yeye juu ya mkeka ule na viatu vyake, akafungua kaye.

Alisoma kwa shida. Mahali pengine alirudia neno mara mbili, na hakuna aliyemsaidia.

"Maulizo ni ya mutoto," alisema alipomaliza. "Majibu ni yangu. Mwenye kumuchelewesha Deo ni minye. Huyu hakujua kitu, njo maana anauliza. Kama munatafuta muntu wa kukala hapa siku tatu bila kula, minye niko."

"Unasema Mungu hakutusikia?" aliuliza Mama Rejine.

"Nasema nilipita mbele ya lopitali na mutoto mu mugongo, na sikuingia."

Mama Rejine alitazama wengine. Mwanamke mmoja mzee alianza kulia kwa sauti ndogo. Baadaye nilisikia kwamba naye alikuwa na mtoto wake, na siku zake mbili. Sisi tulitoka.

Baba aliambiwa jioni ile ile. Aliketi nje mpaka bukari ikapoa, na kwa majuma alizungumza na mama kama mtu anayezungumza na ofisi. Mikate ya mama ilirudi nyumbani nusu beseni, kwa sababu watu hawakutaka kula kutoka katika mkono ule. Mimi hakuna aliyeniita mulozi, mchawi. Mwaka uliofuata msichana mmoja wa avenyu ya pili, mwenye kigugumizi, alipelekwa katika nyumba ile siku tatu. Alipotoka, kwao hawakumtaka tena. Mpaka leo namwona sokoni, analala chini ya meza za wauza samaki, na akiniona hunisalimu kwa jina.

Lakini ninalolionea aibu ni hili. Kesho yake baada ya mama kusoma kaye mle chumbani, bombani, niliwaambia watoto wenzangu, mimi ambaye sikuwahi kuwaambia kitu: "Kesi ya Deo imekwisha. Ni mama." Nililisema kwa fahari. Wao ndio waliolipeleka hadi kwa wanawake ambao hawakuwa mle ndani. Mama alijua limetoka kwangu. Alinikata kucha jioni ile kama kawaida, kidole kimoja kimoja, bila kunigusia.

Miaka mingi niliamini kwamba siku ile nilimshinda, kwamba alikiri kwa sababu nilikuwa nimeuliza vizuri. Nilipokuwa mkubwa, nikamzoea yule msichana wa sokoni, ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Mama hakuwahi kuogopa redio. Aliogopa kwamba kila nilipotaja mtu aliyekufa, kuna sikio lililokuwa likisikia na kukumbuka Deo. Usiku mmoja tu alikubali kunitoa, kwa sababu kunitoa kulikuwa rahisi kuliko kusema. Asubuhi akasema.

Tulipotoka katika chumba kile alinishika si kwa kiganja bali kwa kifundo cha mkono, kwa nguvu, na alama za vidole vyake zilibaki pale mpaka wakati wa kula. Nilimwonyesha baba ili amkemee. Nilidhani mama amenikasirikia. Barabara ilikuwa tupu, hakuna hata lori la mawe lililopita, na nyuma yetu hakuna aliyetufuata. Lakini mama alinishika vile, kama mtu ambaye bado anavutana na wengine, mpaka tulipoingia ndani akafunga mlango.