Nani Atawapulizia Maji

Samaki aliyetuingiza katika mambo haya tulimkuta dukani, Westerville, Ohio, ndani ya tangi la kioo. Mdogo wangu anayekaa Hilliard alikuwa amekwenda kununua chakula cha paka. Akapita kwenye matangi ya samaki wa mapambo, akasimama pale mpaka mkewe akadhani ameugua. Akanipigia simu ya video. Mwanzoni sikuona kitu ila vidole vyake. Halafu samaki akageuka: mistari myeusi ubavuni, mapezi ya buluu, na nundu juu ya macho. Kwenye kioo walikuwa wameandika jina la ziwa letu, Tanganyika.

"Njo huyu," mdogo wangu akasema kwa Kiswahili chetu cha Kongo. "Njo samaki ya Papa."

Mimi nilikuwa Louisville, kwenye mapumziko ya ghala la vifurushi, na bakuli langu la wali mapajani. Baba yetu, ndiye Papa, alikuwa mpiga mbizi upande wa Kongo wa ziwa hilo. Alishuka chini na wavu mdogo wa mkono, akakamata samaki wa rangi, na mnunuzi kutoka Bujumbura akaja kuwachukua katika mifuko ya nailoni iliyotiwa hewa. Tulipokuwa watoto tulimuuliza ni nani anawala. Akasema hawaliwi, kuna watu ng'ambo wanawaweka sebuleni na kuwatazama tu. Tulicheka mpaka tukaanguka. Baba alikuwa mtani mkubwa, hakuna aliyesalimika na ulimi wake, nasi tuliuhesabu huo kuwa utani mwingine. Kumbe alisema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa inaogelea Ohio chini ya taa.

Baba alipumua kwa mpira mrefu uliotoka kwenye kompresa ya kujazia matairi, iliyokaa ndani ya mtumbwi. Samaki wa nundu anaishi chini sana. Siku moja Baba alishuka kumfuata mara nyingi mno, na kila mara akapanda mbio. Alifika ufukweni anacheka, akalalamika mabega yanamuuma, akajilaza kivulini. Alipotaka kusimama, miguu ilikuwa imekufa. Haikufufuka tena. Vita vilipokuja alibebwa mgongoni hadi kwenye boti, na katika kambi ya wakimbizi Kigoma alitembelea baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono. Huko ndiko tulikomzika.

Hakuna mtu kwetu aliyejiuliza kwa nini miguu ilikufa. Sababu ilijulikana. Katika ukoo wa Baba, mtu haingii ziwani kufanya kazi ya chini bila dada yake kumpulizia maji. Dada anachota maji kikombeni, anajaza kinywa, anamrushia kaka kifuani, basi, kaka anakwenda. Jioni ya kuamkia siku ile walikuwa wamekuja watu kumposa shangazi yetu, na Baba, kwa kushindwa kuufunga mdomo, aliwaambia wageni kwamba dada yake anakoroma kama kinu cha kusagia muhogo. Wageni walicheka. Shangazi hakucheka. Asubuhi akakataa kumpulizia maji. Mama alimwita mchawi mbele ya watu, na Shangazi hakukana. Wala waposaji wale hawakurudi tena. Kambini alikaa upande wake na sisi upande wetu. Tulipohamishiwa Marekani, yeye walimpeleka Buffalo, sisi Louisville, na Mama akasema Mungu ni mwema, ameweka barabara ndefu katikati.

Sasa, baada ya yule samaki, mdogo wangu akaniambia tujifunze kupiga mbizi. Nilimtukana kidogo, kisha nikakubali. Majira yote ya baridi alikuja Louisville mwisho wa wiki, tukaingia pamoja katika bwawa la kuogelea lenye maji ya vuguvugu, nje theluji. Nina umri wa mama mzima na nilikuwa natetemeka kama kifaranga. Mwalimu, mzee mwenye ndevu nyeupe, akanionyesha kwa mkono: shuka. Nikashuka. Nikavuta pumzi ya kwanza chini ya maji.

Sijui niielezeje pumzi ile. Mwili wote unakuambia usithubutu, nawe unathubutu, na hewa inakuja. Nilisikia mapovu yangu yakipanda. Niliona miguu ya mdogo wangu, mizima, inapepea. Nililia ndani ya miwani ya maji, na sikujua kwamba inawezekana kulia mahali pale.

Ilipofika kiangazi tulipelekwa kwenye machimbo ya mawe ya zamani yaliyojaa maji, ambako wamelizamisha basi la shule kwa ajili ya wanafunzi wa mbizi. Basi la manjano kabisa, limekaa chini kana kwamba linangoja watoto. Nilichungulia dirishani. Samaki mdogo alikuwa ametulia juu ya usukani, akanitazama kwa dharau ya dereva aliyecheleweshwa. Nimeona mambo mengi katika maisha yangu, mengine nisingemwombea adui. Lakini kushangaa kwa furaha, kushangaa mpaka kifua kinatanuka, hilo lilikuwa geni kwangu.

Baada ya bwawa na kabla ya machimbo kulikuwa na somo la darasani. Mwalimu alileta chupa mbili za soda. Akasema mtu akipumua hewa chini sana, hewa ile inasukumwa ndani ya damu kama gesi ilivyosukumwa ndani ya soda. Akafungua chupa ya kwanza polepole, ikatoa mluzi, ikatulia. Ya pili aliitikisa, akaifungua kwa ghafla. Ikamlipukia. Akasema: huyu ni mtu aliyepanda haraka. Mapovu yanafanyika ndani ya damu na ndani ya uti wa mgongo. Kwanza mabega yanauma. Halafu miguu.

Mdogo wangu aliushika mkono wangu chini ya meza. Tulitoka tukakaa ndani ya gari, hakuna aliyewasha injini. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Maisha mazima ya shangazi yetu yalikuwa yamekaa ndani ya chupa ya soda, na hatukuwahi kuifungua.

Kumweleza Mama tuliogopa. Tukaanza kwa habari njema, safari. Tulikuwa tumekwisha kuchagua kisiwa, huko Karibiani, ambako mpiga mbizi hahitaji boti. Barabara inafuata bahari, na kando yake wamepanga mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe na jina la mahali. Unakodi gari la kubeba mizigo, unapakia mitungi ya hewa nyuma, unasimama penye jiwe unalolitaka, unavaa, unaingia baharini kwa miguu yako. Wanashauri usiache kitu garini, hata kandambili nzuri, na madirisha uyaache wazi ili mwizi aone hakuna kitu. Matumbawe yanaanzia karibu na ufuko. Kuna kasa. Siku ya mwisho hupigi mbizi, maana ukipanda ndege mapema hewa iliyobaki mwilini itakufanya soda. Mdogo wangu alilijua kila jiwe kutoka kwenye simu yake, akamwonyesha Mama sebuleni kwangu, mtaa wa Newburg hapo Louisville, kama mtu anayeonyesha picha za harusi.

Mama alikuwa anachambua majani ya muhogo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Bon," akasema. "Na nani atabapulizia maji?"

"Mama," nikasema, "kule watu wanavaa mitungi."

"Sijauliza mambo ya mitungi. Siku moja tu papa yenu aliingia mu maji bila kupuliziwa. Munajua bile alitoka, miguu imekufa."

"Lakini mimi dada yake naingia naye, basi wa kutupulizia anabaki Shangazi. Na wewe mwenyewe unasema ni mchawi!"

"Ni mchawi," Mama akajibu bila kuinua macho. "Lakini njo shangazi yenu. Muko na mwingine?"

Wahenga walisema mchawi mpe mtoto amlee. Mama alikuwa anampa wawili, tena wenye ndevu na matiti. Nilijaribu kuingiza habari ya soda. Akainua kisu cha jikoni, si kwa ubaya, akasema hayo nitayasema mbele ya Shangazi, mwenye mambo yake. Tena alisema atakuja mwenyewe kusimamia, yule mwanamke asije akatupulizia kitu kingine.

Basi tukaondoka Louisville kwenda Buffalo, tukamchukua mdogo wangu kwake, tukapita Cleveland, na njia nzima Mama aliomba rozari. Kwenye kituo cha mafuta nilinunua chupa mbili za soda ya machungwa. Mama alidhani ni zawadi, akanisifu kwamba nina adabu.

Shangazi alifungua mlango kabla hatujagonga. Nilimkumbuka mrefu. Alikuwa mdogo, na kofia ya sufu, na viatu vya kazi miguuni kwa sababu alikuwa ametoka kusafisha hoteli. Alitutazama mmoja mmoja. Alipomfikia Mama akarudi nyuma hatua, akaweka mikono nyuma yake, kama kumhakikishia kwamba haitamgusa.

"Karibuni, batoto ya kaka yangu," akasema.

Mama alikaa na koti lake. Chai hakuigusa. Mdogo wangu akaeleza kisiwa, na mawe ya manjano, na tulichokuja kuomba. Shangazi akatikisa kichwa.

"Hapana. Mimi siwezi tena. Ile asubuhi papa yenu alikuja, akafungua shati. Akasema, dada, pulizia mimi, banangojea. Nilikuwa na kikombe. Nikajaza kinywa. Nikamuangalia mu macho. Nikameza. Yote. Akacheka, akaenda. Donc, basi, miguu yake ni mimi nilikula. Mama yenu alisema kweli."

Ndipo nilipojua kwa nini hakukana. Tulimdhania kiburi, na kumbe alikuwa shahidi dhidi ya nafsi yake. Ningetaka kusema nilimkumbatia, lakini nilichofanya ni kuziweka chupa mezani, juu ya kitambaa chake cha kufuma, na kuongea haraka kama mwenda wazimu. Nikaeleza hewa, damu, kina, kupanda. Nikaifungua ya kwanza polepole. Ikatoa mluzi, ikatulia. Ya pili nikaitikisa. Soda ikaruka, ikamlowesha mdogo wangu, ikatiririka mezani hadi sakafuni. Mdogo wangu, uso unachuruzika, akanyoosha mkono wenye saa ya kuzamia na kueleza jinsi inavyomlazimisha mtu asimame na kungoja karibu na juu. Baba hakuwa na saa hiyo. Mabega, nikasema. Mabega kwanza, halafu miguu. Huwapata wapiga mbizi wa dunia nzima.

Shangazi alitazama mapovu mpaka yakaisha.

"Kama ningemupulizia?"

"Angepanda vilevile, Shangazi. Angelemaa vilevile."

"Na ile maji nilimeza?"

"Yalikuwa maji tu."

"Maji tu," akasema. Akalirudia neno hilo kwa sauti nyingine, akakiinua kitenge chake akafunika uso. Mabega yake yalitikisika bila kelele. Nilikuwa nimefikiri ukweli utamshukia kwa upole. Ulimshukia na uzito wa miaka yote aliyokaa bila mume, bila kaka, bila sisi. Niliogopa kwamba nimemuua.

Alipofunua uso alikuwa karibu na hasira. "Sasa munataka nibapulizie ya nini, kama ni maji tu?"

Mdogo wangu akanitazama, nikamtazama. Aliyejibu ni Mama, kutoka ndani ya koti.

"Kwa sababu banaenda, wifi."

Wifi. Sikuwa nimelisikia neno hilo kinywani mwake tangu ziwani. Shangazi pia alilisikia. Alikwenda jikoni, tukasikia bomba, akarudi na kikombe cha bati. Mdogo wangu alikwisha kufungua shati. Shangazi akajaza kinywa, akamwangalia mdogo wangu machoni. Niliomba asimeze. Ee Mungu, nikasema, asimeze. Halafu akapuliza, na maji yakamjaa mdogo wangu kifuani. Akanigeukia mimi. Yalikuwa baridi, maji ya bomba ya Buffalo, na ngozi yangu yote ilisisimka. Nilijua ni maji tu. Nimefundishwa, nimefaulu, nina kadi ya kuzamia. Nilisimama pale nimestaajabu kuliko nilivyostaajabu mbele ya lile basi chini ya machimbo.

Kikombe kilikuwa bado na maji. Shangazi alikishika, asijue akiweke wapi. Mama akainuka. Akavua koti, akalikunja vizuri kitini, akafungua vifungo viwili vya blauzi yake.

"Mimi njo nilibaki na miguu yake," akasema. "Nilisukuma ile baiskeli mpaka mwisho. Ile maji yake, unipe mimi."

Shangazi akapuliza. Mama alifumba macho, na maji yakamshuka kidevuni. Wala hakuyafuta.

Tulilala huko, kwa sababu Shangazi alikataa tuondoke bila kula, na waliposhiba, wazee wote wawili walichukua chumba kimoja. Asubuhi tukaondoka. Mdogo wangu aliendesha, mimi nikasoma majina ya mawe ya manjano kwenye simu, tukibishana tuanze na lipi. Mama alikuwa nyuma, rozari imelala mkobani. Tulikuwa tumekaribia Cleveland aliposema, kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani:

"Lakini papa yenu hakusema uongo. Ile mwanamke anakoroma."

Mdogo wangu ilibidi aegeshe gari kando ya barabara, tulicheka kiasi hicho. Mama alicheka kuliko sisi, akajipiga mapajani, akamwita Baba kwa jina lake, kisha akalia, na tukamngoja mpaka alipomaliza.