Kipa Kutoka Kegonga

Stanley Obare alipoteza mguu wa kushoto katika shimo la dhahabu la Macalder, kuta zilipoporomoka akiwa chini. Miaka sita baadaye alikuwa fundi wa viatu mjini Migori, na kila Jumapili baada ya kanisa alicheza kandanda ya magongo na wenzake watano waliokatwa mguu kama yeye.

Kisha ikaja habari kwamba mashindano ya kwanza ya taifa ya soka ya magongo yangefanyika mjini Homa Bay mwezi wa nane. Mratibu wake, mwalimu Teresa, alipanga ratiba mezani kwake nyumbani, maana chama cha mchezo huo hakikuwa na ofisi. Sheria zilikuwa chache: wachezaji saba uwanjani, sita wa mguu mmoja na kipa wa mkono mmoja. Gongo likigusa mpira kwa kusudi, ni faulo. Majina yafike kabla ya Ijumaa kwisha.

Migori walikuwa sita, bila kipa. Homa Bay walikuwa watano. Teresa alimpigia Stanley simu akamwambia waungane, la sivyo wote watabaki nyumbani. Sammy, nahodha wa Homa Bay, alikubali kwa sharti moja: unahodha ubaki kwake. Stanley ndiye aliyewatafuta wachezaji wa Migori nyumba kwa nyumba, na sharti hilo lilimuudhi. Alishinda akigonga soli. Jioni alimpigia Sammy, akamwachia unahodha.

Bado kipa. Mteja mmoja alimtajia mkulima wa Kegonga aitwaye Nyamhanga, ambaye mkono wake wa kulia ulikatwa na mashine ya majani ya ng'ombe. Alhamisi Stanley akamwendea. Stanley Mjaluo, mwenyeji wake Mkuria, wakazungumza Kiswahili. Nyamhanga alimsikiliza huku akipukuchua mahindi kwa mkono mmoja, hindi kalibana magotini.

"Sokoni watu hunikodolea macho," alisema. "Sasa niende Homa Bay nikakodolewe na uwanja mzima?"

"Hata mimi walinikodolea, ndugu yangu," Stanley akamjibu. "Mpira ulipoanza, wakatazama mpira."

Nyamhanga akapukuchua hindi jingine zima. Halafu akauliza kama mpira huumiza. Stanley alimwambia ukweli, kwamba huumiza. Ijumaa jina la Nyamhanga likawa la mwisho kwenye orodha.

Mechi ya kwanza walifungwa manne bila, na mawili kati ya hayo yalimpita Nyamhanga miguuni. Hakuna aliyemlaumu, kwani alikuwa amefanya mazoezi mara tatu tu. Mechi ya pili alizuia penalti kwa kifua, wakatoka sare. Ya tatu walishinda. Stanley aliingia kipindi cha pili, akampa Sammy pasi ya bao la ushindi, na Sammy akatupa magongo kumkumbatia, wakaanguka wote wawili.

Walimaliza wa tano kati ya timu nane, bila kombe. Teresa alimwomba Stanley asimamie mchujo wa Migori mwaka uliofuata, naye akaomba mechi za kwanza zichezwe Kegonga. Nyamhanga na jirani zake walifyeka uwanja. Siku ya mchujo Migori ilikuwa na wachezaji wake kumi na mmoja, na makipa wawili wapya waligombea nafasi ya Nyamhanga.