Alama Ishirini na Nane

Ervin Kubena alifundisha useremala katika sekondari ya Holub, Texas, kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kusema kwamba alimpendelea mtu. Mtoto wa shemeji yake alipotengeneza stuli inayoyumba kama mlevi, Ervin alimpa sifuri, na Jumapili ile ile wakakaa meza moja kwa chakula cha mchana. Watu walisema Kubena hana mjomba wala shangazi. Walisema hivyo akiwa karibu, naye alijifanya hasikii. Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Ervin alisifiwa kwa muda mrefu mno.

Mchana alifundisha kuranda mbao, na jioni alikuwa kocha msaidizi wa timu ya mpira. Mpira wenyewe ni ule wa umbo la yai, wa kudaka kwa mikono na kuangushana, na huko Holub akizaliwa mtoto wa kiume watu huuliza uzito wake kabla ya kuuliza jina. Katika timu kuna mchezaji mmoja anayeubeba mji mzima mgongoni, naye ni mrushaji. Mechi huchezwa kwa vipande vifupi viitwavyo michezo; kila mchezo unaanzia mikononi mwake, na ndani ya pumzi mbili lazima aamue aurushe mpira, amkabidhi mwenzake au akimbie nao. Kiangazi cha mwaka 1986 mrushaji wa Holub alikuwa amemaliza shule, na nafasi yake ikabaki wazi.

Waliokuwa wakiitaka walikuwa wawili. Wa kwanza ni Glenn, mtoto wa pekee wa Ervin, aliyekuwa mwaka wa mwisho. Alikuwa amekaa benchi misimu mitatu akisubiri zamu yake, mipango yote ya timu ameihifadhi kichwani, na mkono wake ulikuwa wa kawaida tu. Wa pili ni Lonnie Raabe, kinda wa miaka kumi na tano aliyetoka timu ya watoto juzijuzi, mwenye mkono wa ajabu na haraka ya mtu anayekimbia mvua.

Mji haukuwa na mazungumzo mengine. Katika bucha la Marvin Janak foleni ya soseji ilisimama kwa sababu mwenye bucha mwenyewe alikuwa ameacha kupima.

"Kinda aanze," alisema Janak, kisu mkononi. "Yule mtoto akirusha, mpira unarudi na habari za Houston."

"Watamvunja," alisema mama mmoja. "Hajaota hata ndevu."

"Ndevu hazirushi mpira, mama."

Hapo Ervin akaingia. Janak akamkaribisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mwalimu! Hebu tuambie, mwaka huu tunachezewa mpira, au tunachezewa mpira wa baba?"

Watu wakaangua kicheko. Mpira wa baba ni pale kocha anapompanga mwanawe kwa sababu ni mwanawe. Mji wa jirani ulishaonja huo, na msimu haujafika nusu kocha yule aliamka akakuta watu wamechomeka bango la "Nyumba Inauzwa" kwenye bustani yake, na yeye hakuwa na nia ya kuuza. Ervin alicheka pamoja nao, akalipa, akaondoka akiwa ameisahau soseji yake juu ya kaunta.

Katikati ya Agosti wakacheza mechi ya majaribio. Vijana wote wawili wakapewa michezo thelathini na sita kila mmoja, na yote ikapigwa picha. Kocha mkuu, Buford Teague, jitu la miraba minne lisilopenda maneno mengi, alimpa Ervin mkebe wa filamu.

"Kubena, nenda kawape alama. Mchezo ukienda sawa, moja. Usipoenda sawa, sifuri. Mwenye nyingi ndiye anaanza."

"Mmoja ni mwanangu, Kocha."

"Ndiyo maana nakupa wewe. Wewe ukisema Glenn, nani atafungua mdomo?"

Jumapili baada ya misa Ervin alijifungia kwenye karakana ya shule, akashusha mapazia, akawasha projekta katikati ya harufu ya maranda. Alimtazama Lonnie kwanza, akampa ishirini na tisa. Akamtazama Glenn, akampa thelathini na moja. Akarudisha filamu mwanzo, akahesabu upya, ikawa vilevile. Alifurahi. Alifurahi mpaka akasimama, akazunguka meza ya randa akiwa peke yake, mikono kiunoni, kama mtu aliyetangaziwa mtoto.

Kisha akakumbuka foleni ya soseji, na furaha ikamtoka. Mara ya tatu hakutazama kwa macho yake tena. Alitazama kwa macho ya Janak na wenzake. Akapata michezo mitatu ambayo Glenn alirusha na mpira ukafika kwa mwenzake bila shida, lakini mguu wa kushoto ulichelewa kidogo kukaa mahali pake. Kidogo sana, kiasi cha kupepesa jicho. Mguu wa Lonnie nao ulichelewa hivyo hivyo, ila Ervin hakumrudia Lonnie. Alichukua kifutio, akafuta moja tatu, akaandika sifuri tatu. Ishirini na nane.

Mtu akimbeba wake tunamwita mwizi, na ni haki yake. Lakini anayemnyima wake ili asifiwe hatuna hata jina la kumwita. Tunampigia makofi.

Jumatatu majina yakabandikwa mlangoni. Glenn aliyasoma, akampa Lonnie mkono, akafanya mazoezi mpaka mwisho bila kununa. Ndani ya pikapu, wakirudi nyumbani, ndipo alipouliza.

"Baba, ulinipa ngapi?"

"Ishirini na nane."

"Lonnie?"

"Ishirini na tisa."

"Basi ni moja tu. Nilikosea wapi?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi bado. Ervin angeweza kugeuza gari. Badala yake alisema, "Miguu. Mguu wa kushoto unachelewa."

"Sawa," alisema Glenn. "Nitaurekebisha."

Alimwamini. Angekuwa baba mwingine kijana angebisha, angepiga mlango, angesema kazi ya kocha si kazi ya malaika. Lakini huyu alikuwa Kubena asiye na mjomba, na neno lake lilikuwa rula.

Tangu siku ile, kila jioni kabla ya chakula, Glenn alitoka nyuma ya nyumba, akachora mistari ya chokaa kwenye nyasi, akafanya mazoezi ya kurekebisha mguu ambao haukuwa na kasoro. Mara mia, mara mia mbili. Mama yake, Albina, alimtazama kupitia dirisha la jikoni huku akikanda unga wa kolache, vile vimkate vitamu vya matunda.

"Ervin, mtoto atajimaliza. Miguu yake ina nini?"

"Inachelewa."

"Mbona mimi sioni?"

"Wewe si kocha, Albina."

Albina akarudi kwenye unga wake. Ervin akabaki dirishani. Neno lilikuwa moja tu, na hatua kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye ile chokaa hazizidi kumi na tano. Hakuzipiga, na kila jioni iliyopita aliona haya zaidi kuzipiga, kwa kuwa angelazimika kueleza na jioni zilizotangulia.

Lonnie alicheza, siku nyingine vizuri, siku nyingine hovyo, kama kinda yeyote. Glenn alikaa naye kila mchana kumfundisha ishara za mipango, bila kinyongo. Mechi ya nane Lonnie akateguka kifundo cha mguu, na Teague akageukia benchi akaita, "Kubena!" Ervin, kwa miaka yote kumi na tisa ya kusimama pembeni mwa ule uwanja, hakuwahi kusali kwa bidii kama alivyosali pale.

Glenn akaingia. Mchezo wa kwanza alipokea mpira, akarudi nyuma hatua tatu, na mwenzake akawa peke yake upande wa kulia, akipunga mkono. Glenn hakumwona. Alikuwa ameinama. Alikuwa anatazama miguu yake. Alipoinua kichwa walikuwa wamemfikia. Mchezo wa tatu akachelewa tena, akarusha kwa pupa, mpira ukadakwa na wapinzani. Na wa tano vilevile. Yule kijana wa Agosti, aliyerusha bila kufikiri, hakuwepo tena. Baba yake ndiye aliyemwondoa, kwa kifutio. Lonnie akafungwa bendeji, akarudi akichechemea, wakashinda kwa pointi tatu.

Mechi ilipokwisha Janak alishuka jukwaani, akamkumbatia Ervin mbele ya watu. "Mwalimu, uliona mbali! Mwingine angetuletea mpira wa baba, tukaaibika!" Kesho yake akampelekea soseji nzima iliyokaushwa kwa moshi, bure. Ervin akaipokea. Akaila. Katika mambo yote ya msimu ule, hilo la kuila ndilo lililomsumbua kuliko yote.

Glenn hakucheza tena mpira baada ya shule. Akawa fundi umeme, akaoa, akajenga upande wa pili wa mji, na hakuacha kuwaheshimu wazazi wake. Ervin alistaafu akapewa ngao iliyoandikwa "Mtu wa Haki". Aliitundika kwa sababu Albina alikuwa ameshika nyundo na msumari tayari.

Majuto ni mjukuu, na ya Ervin yalikuja na jina la Wade, miaka kumi na mmoja, viatu vipya vya mpira. Jumapili moja ya mwaka 2009, baada ya chakula, mzee alitoka barazani akamkuta Glenn kwenye nyasi na mwanawe. Mtoto alikuwa anarusha, na machozi yanamtiririka.

"Miguu, Wade. Mguu wa kushoto. Tena."

"Nimechoka, baba."

"Hata mimi nilichoka. Ningeanza mapema kama wewe, ningecheza. Tena."

Ervin aliyasikia hayo. Akamwita Glenn barazani, na kabla mwanawe hajakaa, akasema, "Zilikuwa thelathini na moja."

"Nini?"

"Alama zako. Zilikuwa thelathini na moja. Nilifuta tatu."

"Na mguu?"

"Mguu wako haukuwa na kitu, mwanangu. Haukuwahi kuwa na kitu."

"Kwa nini, baba?"

"Niliogopa watu wangesema."

"Watu gani?"

Mzee akatafuta jina la kutaja, asilipate lenye uzito wa kutosha. Glenn akakaa kwenye ngazi, akampa mgongo. Hakupiga kelele. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini.

"Huwa nawaambia watu kwamba sikuwa mchezaji mzuri, lakini baba yangu hakunidanganya. Nilikuwa najivunia hilo. Nimemlea huyu kwa hilo. Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie miguu yake ni mizuri."

"Mwambie wewe."

Ervin akashuka ngazi taratibu akishikilia ukingo. Wade, alipomwona babu yake anakuja, alijifuta uso haraka kwa mkono wa fulana, akasimama wima na kuipanga miguu yake kabla hajaambiwa.

"Acha, Wade," alisema Ervin. "Rusha unavyotaka. Miguu yako ni mizuri. Haina kasoro yoyote."

Mtoto akamtazama, akamtazama na baba yake kule kwenye ngazi, akatikisa kichwa.

"Unasema hivyo kwa sababu mimi ni mjukuu wako," alisema, akauinua mpira, akitazama chini.