Ami Shali Alivyoaga Barazani

Mwanangu, nitangulize kumtaja mwenye kosa, kumbukumbu isije ikapinda: ni sisi wanaume wa baraza, tuliougeuza ugonjwa wa mtu mzima kuwa kichekesho. Siku ninayoikumbuka ni ya miaka ya tisini, baada ya alasiri, Mji wa Kale, nami nikiwa karani kijana wa maghala ya mizigo ya Shimanzi.

Ami Shali, ndugu wa marehemu baba yangu, mshona kofia, alikuwa na saratani ya tezi dume. Daktari alimwamuru tiba mbili ziandamane: sindano za kuzuia homoni za kiume, kwani homoni hizo ndizo zilizoulisha ugonjwa ule, na mionzi ya kuuchoma, ambayo alipaswa kuifuata Nairobi. Sindano zilipoanza, mkojo uliokuwa ukimkwama ulimfungukia. Lakini joto likawa likimpanda ghafla, jasho likalowesha hata kofia aliyokuwa akiidarizi. Barazani wakajua.

"Ami, sindano hizo zitakumaliza ndevu," alisema Mzee Faraji, jirani yetu, kikombe cha kahawa mkononi. "Mwakani tutakushonea buibui!"

"Lishoneni pana," Ami akajibu. "Buibui huvuliwa, Faraji. Sanda haivuliwi."

Wengine wakamshauri abaki: mkojo umefunguka, Nairobi ya nini tena? Ilhali daktari alikwisha kumwonya kwamba nafuu ile si kupona, na kwamba sindano pekee hazingetosha.

Kwetu msafiri haondoki kimyakimya. Hupita barazani akaomba radhi. Njiani nilimnong'oneza, "Ami, tuseme wenda kuwasalimu jamaa."

Akanikazia macho. "Huko kazini kwako, mzigo wa karafuu huuandika sukari?"

"La, Ami."

"Basi na ugonjwa wangu usiubandike jina la uongo."

Akasimama mbele yao, kanzu imenyooka. "Ndugu zangu, nina saratani ya tezi dume. Sindano zaunyima ugonjwa chakula, mionzi itaupiga ungali na njaa. Siachi moja kwa ajili ya nyingine. Nikirudi, nisirudi, niwieni radhi."

Kisha Mzee Faraji akamsogelea, kicheko kimemwisha. "Shali, ndugu yangu... wewe mkojo ulianzaje kukusumbua?"

Asubuhi yake Ami alimpeleka Faraji kwa daktari yule yule, na jioni akapanda gari la moshi. Alirudi amekonda, akaendelea na sindano kama alivyoagizwa, na kofia niliyoolea aliidarizi yeye. Nimewatumikia wakubwa wengi, mwanangu. Sijaona mwanamume aliyemzidi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mkojo ukikusumbua, mwendee daktari. Akikupa tiba mbili, usiitupe ya pili kwa kuwa ya kwanza imekupoza. Mola akupe afya, na ulimi usioona haya kusema kweli.

Nanyi wazee wenzangu mnaocheka hadi leo, nawataka rasmi mjibu, kila mtu kwa jina lake: anayeficha maradhi kwa kuogopa kicheko chenu, mayatima wake wabishe hodi kwa nani kati yenu?