Glavu za Mvua katika Mwezi wa Saba

Ngozi iliyolowa, ikianza kukauka karibu na joto, ina harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Ina kitu cha mnyama ndani yake, kitu cha moshi, na kitu cha chumvi kama kiganja cha mtu. Ilinipata juzi katika duka la baiskeli, kwenye mji huu wa kaskazini mwa dunia ninakosomea shahada yangu ya uzamivu. Nilikuwa nimesimama pale nikichuruzika maji, goti limechubuka, mikono ikinitetemeka. Nilikuwa nimetoka kuanguka. Hakuna aliyenigonga. Mvua ilikuwa ikinyesha, baridi ilikuwa kali, na nilipofika kwenye kona vidole vyangu vilikataa kukaza breki. Niliviamuru, havikusikia. Nafikiri kilichonitikisa hakikuwa kuanguka kwenyewe, bali ule muda mfupi kabla yake, nilipoitazama mikono yangu mwenyewe kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Inafaa nieleze kwamba sikulelewa kwa hali ya hewa ya namna hii. Lubumbashi, nilikozaliwa, baridi na mvua ni wakewenza wa mume mwenye haki: mmoja akiingia, mwingine ameshatoka. Baridi huja mwezi wa sita na wa saba, kavu, pamoja na vumbi jekundu na anga lisilo na wingu hata moja. Mvua huja baadaye, ikiwa imeshikana mkono na joto. Sikuwahi kuwaona wote wawili chini ya paa moja mpaka nilipofika huku.

Muuzaji, kijana mpole, alinipangia glavu mezani. Nami, kama ilivyo tabia yangu, nikaanza kuzichunguza: bitana, mishono, urefu wa kifundo. Nilisoma vibandiko vyake hadi herufi zikapoteza maana. Nilijiuliza kama ni bora joto lenye kulowa au ukavu wenye baridi, nikajijibu, nikajipinga. Hatimaye, bila kufikiri, nikaichukua glavu moja ya ngozi, nikaiweka mdomoni, nikaipuliza. Kijana alinitazama kwa heshima na wasiwasi. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba mahali nilikotoka, katika mtaa wa Lubumbashi uitwao Kenya, glavu hununuliwa kwa pumzi.

Kupuliza ni somo la mama yangu. Alipokwenda kuchagua nguo za mitumba, aliweka kitambaa mdomoni, akaweka kiganja upande wa pili, akapuliza. Akihisi pumzi yake kiganjani, alirudisha nguo ile kwenye rundo. "Kama inaachia pumuzi yangu," alikuwa akisema, "itaachia na baridi iingie." Sijasikia tangu hapo kanuni iliyo fupi kuliko hiyo.

Mwaka ninaoukumbuka, nyumba yetu nzima ilikuwa na swali moja tu: mikono ya baba ipate joto namna gani? Baba alikuwa karani wa shule, lakini hakuna mtu mtaani aliyemjua kwa ukarani. Alijulikana kwa kinanda, na kwa hicho waliimwita mwalimu. Babu yangu, aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga kwa kazi ya reli, alikuwa amejifunza kinanda kwa mapadri na kumrithisha mwanawe vidole vyake. Kila alfajiri baba alipanda baiskeli kutoka Kenya hadi Makomeno, kwenye kikanisa cha masista, akapige nyimbo za misa ya kwanza. Na mwaka ule, kila alfajiri, alifika na vidole visivyomtii. Alikosea. Alianza wimbo, akaurudia mwanzo. Sista mkuu, kwa upole wote wa dunia, alimwambia kwamba sikukuu ya Bikira Maria katika mwezi wa nane ingekuwa na wageni wakubwa, na kwamba yuko kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme ambaye angeweza kumsaidia. Baba alituletea neno hilo "kumsaidia" mezani, akaliweka karibu na sahani ya bukari, ugali wetu, na hakuna aliyeligusa.

Kila mtu alikuwa na dawa. Mwenye kelele zaidi alikuwa Papa Kyungu, jirani yetu, aliyebeba makala, yaani makaa, kwa baiskeli kutoka upande wa Kasomeno, magunia yakiwa yamempita kimo. Yeye alivaa soksi mikononi, na kwenye usukani alikuwa amefunga vipande vya mpira wa ndani wa gurudumu la gari, mikono ikaingia humo kama kuku kwenye kiota.

"Mwalimu, vaa soksi!" alimpigia baba kelele kutoka barabarani. "Mukono haujue kama ile ni soksi!"

"Mukono haujue," baba alijibu, "lakini masista banajua."

Ndipo mama aliposikia kwamba sokoni litafunguliwa balo la vitu vya baridi, akanichukua tuende pamoja. Mtu asiyewahi kuona balo la mitumba likikatwa kamba hawezi kuelewa ukimya unaotangulia. Wanawake huzunguka, wamefunga vitenge kwa nguvu, kila mmoja ameshachagua kwa macho kona atakayoishambulia. Kisha kamba inalia, rundo linafumuka, na inatoka ile harufu ya ghala, ya dawa ya nondo na ya kabati za watu tusiowajua. Glavu hazikuja pea kwa pea. Zilitawanyika kama familia baada ya vita, na kazi ya mnunuzi ilikuwa kutafuta ndugu wa ile aliyoipenda.

Mama alipenda za sufu ya kahawia, laini, za mtu mwenye adabu. Mimi niliona nyeusi moja ya ngozi, kubwa, yenye kifundo kirefu na mshono mnene, na ikanifanya nisione nyingine.

"Mutoto anajua bintu!" muuzaji akadakia. "Mama, hii njo gants ya Bulaya yenyewe. Ona, haiingiake mayi!"

"Mayi ya wapi?" mama akamgeukia. "Mu mwezi ya saba mvua inatokaka wapi? Mu mufuko yako?"

Watu wakacheka. Muuzaji hakuudhika hata kidogo. "Cheka tu, mama. Mvua ikikuya, utanikumbuka."

Mama aliipuliza ya sufu, pumzi ikapita. Akanipa ile nyeusi. Niliipuliza hadi masikio yakaniuma, ikavimba kama kiwele cha mbuzi, nikaikunja kifundo, na pumzi yangu ikabaki mle ndani imefungwa. Niliiinua juu kama mtu aliyekamata samaki. Mama aliitazama glavu ile, akanitazama mimi, akakaa hivyo kwa muda ambao hata wakati ule niliuona mrefu mno kwa jambo la glavu.

"Bon," akasema. "Basi tafuta mwenzake. Na utamupelekea weye mwenyewe."

Mwenzake alipatikana chini ya mama mmoja mnene aliyekuwa ameikalia wakati akipekua magauni. Alipoinuka ikawa ina joto tayari, na muuzaji akataka tulihesabu joto lile kama nyongeza.

Hapa ni lazima nieleze jinsi baba alivyoniita. Mimi ni Ngoie kwa sababu mama yake alikuwa Ngoie, na kwa hiyo, kama ilivyo kwetu, hakuniita kwa jina hata siku moja. Niliitwa mama. Nilipomnyooshea glavu zile kwa mikono miwili, alizivaa, akaigeuza mikono iliyokuwa sasa kama ya bondia, akasema kwa sauti nzito, "Mama, unataka nikuwe mutu wa moto? Na moto iko wapi?"

Pikipiki, kwetu, inaitwa moto. Tulicheka wote watatu. Kesho yake alfajiri akazivaa.

Kuanzia hapo ikawa kazi yangu. Baba hakuweza kuzivaa mwenyewe, ya pili hasa, kwa kuwa mkono uliovaa hauwezi kumvalisha mwenzake kwa ustadi. Ndivyo alivyonieleza, nami niliona hoja ile haina kasoro. Aliota moto kwanza kwenye mbabula, lile jiko la makala ambalo mama alikuwa ameliwasha kwa ajili ya mandazi yake. Kisha aligeuka, akaninyooshea mikono, nami nikaingiza kidole baada ya kidole, nikianza na kidogo. Vidole vilitetemeka. Kidole cha shahada kilikosa mlango wake na kuingia kwa jirani, tukaanza upya.

"Baridi," baba alisema.

"Baridi," nilikubali.

Na mikono ilikuwa ya moto. Nalikumbuka jambo hili kwa usahihi unaonitesa: mikono ilikuwa imetoka juu ya makala, ngozi yake ilikuwa na joto la mkate, na ilikuwa inatetemeka. Nilivishika vitu hivyo viwili kwa wakati mmoja, ndani ya viganja vyangu, kila alfajiri, na sikuviweka pamoja.

Sikukuu ikafika. Kikanisa kilijaa hadi kwenye ngazi, mama amevaa kitenge cha bluu, Papa Kyungu mwenyewe ameoga hadi makala yote yamemtoka. Baba alivua glavu, akaziweka juu ya kinanda kama watu wawili waliopewa nafasi ya mbele. Wimbo wa kuingilia ulikwenda vizuri kiasi kwamba nilimgeukia mama nikimtazama kwa ushindi. Katika wimbo wa pili, mkono wa kushoto ulianza kurudia noti moja, moja hiyo hiyo, kama mtu agongaye mlango wa nyumba isiyo na mtu. Baba alikanyaga pedali. Kinanda kikavuta pumzi, kikaishikilia, kikaiachia bila neno.

Wanakwaya hawakusita. Waliongeza sauti, wakaujaza ule utupu kwa koo zao, hadi mtu aliyeingia wakati ule angedhani wimbo umetungwa uimbwe bila ala. Baba alishusha mikono mapajani, akachukua glavu, akaanza kuzivaa. Nilitoka kwenye benchi letu nikaenda kumsaidia, kidole baada ya kidole, mbele ya wageni wakubwa wote.

Nje kulikuwa na jua. Katikati ya mwezi wa nane baridi ya Lubumbashi huwa imekwisha kufunga mizigo yake. Watoto walikuwa wamevua sweta. Watu walikuja mmoja mmoja kumsalimia baba. Nilimwona Papa Kyungu akisogea, shati limemganda mgongoni kwa jasho, nikangoja mzaha wake.

"Mwalimu," akasema, akiishika ile glavu nyeusi kwa mikono yake yote miwili, "baridi ya leo ni mubaya sana."

"Mubaya," baba akasema.

"Mubaya kabisa," akaongeza mama mmoja wa kwaya, huku akijipepea.

Yule kijana wa kinanda cha umeme akachukua nafasi ya baba. Baba hakuacha kwenda. Aliendelea kupanda baiskeli kila alfajiri, sasa akisimama nyuma ya kijana yule na kumnong'oneza mahali pa kupumua, na aliendelea kuvaa glavu. Jakaranda zilichanua, akavaa glavu. Joto la mwezi wa kumi likaja, lile linalolainisha lami na kuwafanya mbwa walale mitaroni, akavaa glavu. Watoto wa mtaa walimcheka kwa mbali. Hakuna mtu mzima aliyemwuliza. Na mimi nilikuwa na fahari, ndugu zangu, fahari tupu: nilidhani anazivaa kwa kuwa ni nzuri.

Kisha asubuhi moja mvua ya kwanza ikashuka, ya moto, nzito, ikinuka udongo. Baba alirudi kutoka Makomeno amelowa kuanzia nywele hadi viatu. Aliegemeza baiskeli ukutani, akasimama chini ya upenu, akaninyooshea mikono. Nilivuta glavu, moja, kisha ya pili. Maji yalitiririka juu ya ngozi na kuanguka. Mikono iliyotoka ndani ilikuwa mikavu kabisa, na ilikuwa inatetemeka.

"Unaona, mama?" alisema. "Mayi haikuingia. Ulichagua muzuri."

Nilikimbia jikoni nikipiga kelele kwamba muuzaji alisema kweli, kwamba mvua imekuya na mayi haikuingia. Mama alikuwa ameinamia mafuta yake ya mandazi. Alisema, "Ndiyo," na hakugeuka.

Ni miaka mingi baadaye, nilipokuwa tayari chuoni, mama aliponiambia jina la ugonjwa uliokuwa ukiitetemesha mikono ya baba. Daktari alikuwa amelitamka kabla balo halijafunguliwa. Walijua wote wawili, baba na mama, walipokuwa wakicheka habari ya moto, na nadhani kabla ya mwaka kwisha mtaa mzima ulikuwa umejua. Waswahili wa pwani husema mficha maradhi, kifo humuumbua. Nimeifikiria methali hiyo zaidi ya inavyostahili, na sioni kama inamhusu. Baba hakuficha. Aliyavika maradhi yake glavu nilizomchagulia, akayapitisha barabarani mchana kweupe, na watu wa Kenya wakayasalimia kwa jina alilowapa: baridi. Nilidhani nimempa joto. Nilikuwa nimempa jibu, na alilivaa mpaka mwisho, hata pale lilipokuwa halimfuniki tena.

Baba alituacha nikiwa huku. Sikuivalisha mikono yake mara ya mwisho.

Juzi, pale dukani, nilinunua zile zilizoshika pumzi yangu. Nilirudi nyumbani kwa baiskeli polepole, mvua na baridi vikiwa vimekaa pamoja juu ya mabega yangu kama wageni wasiojua zamu, na kwenye kila kona vidole vilisikia. Nilipofika, niliegemeza baiskeli ukutani, nikasimama chini ya upenu, na kabla sijajua ninafanya nini, nikawa nimeinyoosha mikono mbele yangu. Nilingoja kidogo. Kisha nikazivuta glavu mwenyewe, kwa meno, nikianza na kidole kidogo.

Mikono ilikuwa mikavu.