Dawa ya Maharage Kwenye Manyoya ya Paka

Saa moja asubuhi, Jumamosi, wanawake wameketi sakafuni katika ghala la maharage karibu na njia panda ya Sonatubes, jijini Kigali. Kila ungo unapopepetwa, vumbi jeupe linapanda. Épiphanie, aliyerudi kazini leo baada ya wiki nzima, amejifunga kitenge puani.

"Mama Alida, siku hizi unapasua watu kama daktari?" anamtania Spéciose, jirani yake wa ungo.

"Cheka tu. Mchana nitawaambia."

Vumbi hilo ni dawa ya kuua fukusi, inayochanganywa na maharage kabla magunia hayajafungwa. Kila Jumamosi msimamizi wa ghala, Achille, humpa kila mchambuaji kijiko kimoja, juu ya ujira wa faranga mia moja kwa siku.

"Ni zawadi," anasema Épiphanie. "Usipopewa, ujue bosi amekukasirikia."

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, akahamia Kigali mwaka 1990. Sasa, miaka miwili baadaye, anaishi Kagarama na binti yake wa miaka saba, Alida. Walikuwa pia na paka wa kijivu, Minu, aliyelala miguuni pa mtoto. Minu alipojaa viroboto, Épiphanie alimpaka dawa ya zawadi kuanzia shingoni hadi mkiani. Viroboto walikufa. Siku ya pili paka akaanza kukohoa.

Alijikunyata chini, shingo ameinyoosha mbele, mbavu zikipanda na kushuka haraka, mate yakimtiririka.

"Iko na mwiba wa samaki kwenye koo," alisema jirani mmoja wa nyumbani. "Mpe mawese."

Wakammiminia kijiko. Akapaliwa, kisha akaanza kupumua mdomo wazi. Épiphanie akamtia kikapuni, akampeleka kwa Silvère, mganga wa mifugo.

"Mama, watu wananiletea ng'ombe, weye unaniletea paka?" Silvère alicheka. Akainama, akanusa manyoya. Kicheko kikakatika.

Alimweleza kwamba paka hujilamba mwili mzima, kwa hiyo kinachopakwa kwenye manyoya humezwa. Dawa ile hubana njia za hewa na kuzijaza ute. Mawese nayo yalikuwa yameingia mapafuni. Paka anayepumua kwa mdomo, alisema, hana muda wa kusubiri. Alimwosha kwa sabuni, akamdunga sindano, ndipo akauliza:

"Nani mwingine umempaka?"

Épiphanie aliacha kikapu mezani, akatoka mbio.

Siku ileile aliyompaka paka, alikuwa amempaka Alida kichwani kwa ajili ya chawa, akamfunga kitambaa alale nacho. Tangu hapo mtoto alikuwa akikohoa. Mama alidhani ni mafua ya mvua.

"Nilimpaka kwa mkono huu," anasema, akiunyoosha. "Nilisugua sana, isibaki sehemu."

Kituo cha afya kilimnyoa Alida, kikamwosha, kikamlaza. Kifua chake kilipiga miluzi usiku kucha, kikatulia kulipokucha. Minu alikuwa ameshakufa.

Sasa ni mchana ghalani. Achille anapita na kopo na kijiko. Épiphanie anasimama, anakataa fungu lake, na kueleza yote kwa sauti ya kawaida. Anajua anaweza kufukuzwa.

Achille anabaki na kijiko hewani. "Sisi tunaitia kwenye godoro la watoto," anasema polepole. "Tangu mwaka jana."

"Mungu wangu!" Spéciose ameshainuka, maharage yake yamemwagika. "Kichanga cha dada yangu! Nilimpaka jana!" Anatoka bila viatu, na Achille anamfuata, kopo bado mkononi.

Wengine hawarudi kwenye nyungo. Mmoja mmoja wanakunja vitenge vyao na kuondoka.

Kesho, baada ya misa, Épiphanie anataka kupita Kagarama nyumba kwa nyumba.

"Nikianza na habari za paka, watacheka," anasema. "Nitakwenda na Alida, kichwa wazi. Akina mama lazima wataulizia nywele."